Upanga wa Kale wa Kijapani Ulioharibika: Unolewe Upya au Uachwe Ulivyo?

Mwaka juzi kijana mmoja alinitumia picha tatu kwa simu. Babu yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi na upanga wa Kijapani ambao ulikaa miaka zaidi ya sabini juu ya kabati, umeviringishwa gunia. Picha ya kwanza ilionyesha chuma chenye kutu na pengo karibu na ncha. Ya pili, mpini umeshavuliwa. Ya tatu aliituma kwa fahari: ile sehemu ya chuma inayokaa ndani ya mpini, ambayo Wajapani huiita nakago, iking'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Alikesha nayo na msasa.

Sikujua nimwambieje. Pengo la nchani lingeweza kujadiliwa. Kutu nyeusi ya nakago ndiyo iliyokuwa cheti cha kuzaliwa cha ule upanga, na hairudi.

Panga hizi si ngeni kwetu kama watu wanavyodhani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 na kufika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Upanga wa ofisa wa Kijapani ulikuwa kumbukumbu iliyotafutwa na askari wa kila jeshi. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani nao hukutana nazo minadani, zimelala kati ya saa za ukutani na viti vibovu. Swali la kwanza la kila anayeupata huwa ni moja: nitaung'arishaje? Mimi naomba swali hilo lije la mwisho.

Hatua ya 1: Zuia madhara yasiongezeke

Weka kando msasa, brashi ya waya, ndimu, majivu, Brasso, na kila unachosugulia shaba. Usimpelekee pia fundi wa kunoa visu, hata awe hodari namna gani kwa visu vya buchani. Jiwe lake la kuzunguka hupandisha joto, na joto hulegeza makali yaliyokazwa kwa moto na maji miaka mia tatu iliyopita. Usiguse bapa kwa vidole. Jasho la mkono huacha alama ya kutu ndani ya siku chache.

Futa vumbi kwa kitambaa laini cha pamba. Paka matone mawili matatu ya mafuta mepesi, yale ya cherehani, uyatandaze mpaka ubaki utando tu. Basi.

Japani mafuta ya kazi hii huitwa choji, na choji maana yake ni karafuu. Chupa nyingi za siku hizi ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu tu, lakini Mpemba akifungua kizibo atajihisi yuko kwao. Ukiyakosa, ya cherehani yanatosha.

Hatua ya 2: Vua mpini, soma nakago

Mpini hushikiliwa na kigingi cha mwanzi kiitwacho mekugi, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Kisukume kutokea upande mwembamba kwa kijiti kigumu. Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama na kuinama kidogo, makali yasikuelekee, kisha gonga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia, polepole. Chuma kitaruka kidogo kidogo hadi kilegee. Kikikataa, acha. Mpini uliopasuliwa kwa nyundo ni hasara ya pili juu ya ya kwanza.

Kwenye panga za vita, tazama mpini wenyewe kabla ya kuvua chochote. Ukiwa wa madini yaliyopakwa rangi yafanane na kamba ya kusuka, na kwenye chuma kuna namba iliyogongwa, huo ni upanga wa masajini, mfano uliotolewa mwaka 1935, kazi ya kiwandani. Uamuzi umekwisha hapo: paka mafuta, uhifadhi kama kumbukumbu ya vita, usimlipe mtu kuunoa.

Wa ofisa ni habari nyingine. Vazi la nje laweza kuwa la kijeshi la mwaka 1938 na ndani mkawa na chuma cha kiwandani, au chuma cha ukoo chenye karne nne, kilichovalishwa sare kama alivyovalishwa mwenyewe. Nakago ndiyo itakayosema. Ukiona muhuri mdogo wa Seki (mji wa wafua panga) au wa Showa (jina la enzi ya wakati wa vita) karibu na saini, chuma hicho kwa kawaida hakikufuliwa kwa njia ya jadi. Muhuri wa nyota huashiria wafua panga waliopewa kazi na jeshi lakini wakatumia chuma cha jadi, na huo una thamani yake. Usipoona muhuri, ukaona kutu nyeusi iliyoiva na matundu mawili au matatu ya kigingi, moyo uanze kukudunda kidogo. Matundu mengi aghalabu yanasema upanga ulikuwa mrefu zaidi, ukafupishwa kutokea upande wa mpini ili umfae mmiliki mpya. Katika kufupishwa huko saini nyingi zilipotea. Kwa hiyo upanga usio na saini usiudharau.

Ulio nayo nao usiuamini upesi. Jina likiwa kubwa, shaka nayo iwe kubwa. Nagasone Kotetsu, mfua panga wa karne ya 17 wa mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, ameghushiwa mno hata wajuzi wakiona jina lake huanza na dhana kwamba ni la uongo. Saini ya kughushi huitwa gimei, na upanga wa gimei unaweza kuwa mzuri kweli kweli. Aliyechonga jina ndiye aliyeharibu.

Rangi ya kutu isome kama unavyosoma umri wa mtu usoni. Nyekundu inayochafua vidole ni changa. Iliyoiva ni ya kahawia nzito au nyeusi, laini, haitoki ukiifuta. Hiyo ndiyo wajuzi huitazama kukadiria karne, na ndiyo kijana wangu aliyoipeleka kwenye msasa. Piga picha pande zote mbili, kamera ikiwa wima juu yake, mwanga utoke ubavuni ili michoro ya saini itupe kivuli. Bila flashi.

Hatua ya 3: Pima majeraha

Hapa usiwe na haraka. Funga madirisha, washa balbu moja iliyo wazi, uwe na lenzi ya kukuza mara 10. Elekeza upanga kwenye balbu kana kwamba unalenga shabaha, kisha ugeuze kidogo kidogo hadi mwanga utembee juu ya chuma. Kama kutu haijafunika kila mahali, utaona ukingo mweupe kama povu la wimbi ufukweni ukifuata makali toka mwanzo hadi nchani. Huo ni hamoni, mpaka wa chuma kigumu. Makali hukazwa kwa kuupaka upanga udongo, mnene mgongoni na mwembamba makalini, kuupasha moto na kuuzamisha majini. Penye udongo mwembamba chuma hupoa ghafla na kuwa kigumu. Uhai wote wa upanga uko chini ya mstari huo. Majeraha yote yapime kwa kuuliza: je, limeugusa?

Jeraha la kwanza la kutafuta ni dogo kuliko yote. Hagire ni ufa mwembamba kama unywele unaotoka makalini na kupanda kuelekea mgongoni, ukikata hamoni. Macho matupu huupita. Tafuta penye pengo, na penye mpindo, maana upanga uliopindwa vibaya hupasukia hapo. Ukiupata hagire, karibu kila mara hesabu imefungwa: hakuna mnoaji wa kuutoa, kwa sababu ufa huenda ndani. Nimeona watu wakiuita mkwaruzo kwa kujifariji. Mkwaruzo huwa juu tu na hauna kina. Ufa hubaki pale pale, mweusi, hata ukibadili mwelekeo wa mwanga.

La pili ni ncha. Ndani ya ncha hamoni hugeuka na kurudi kuelekea mgongoni. Sehemu hiyo huitwa boshi. Ncha ikivunjika kidogo ndani ya boshi, mnoaji anaweza kuichonga upya na upanga ukapungua milimita chache. Ikivunjika hadi boshi yote ikaondoka, ncha mpya itakuwa ya chuma laini. Itaonekana ncha, na haitakuwa ncha.

La tatu ni moto. Upanga uliopita kwenye nyumba inayoungua hupoteza hamoni wote. Baadhi hukazwa upya, na alama mojawapo ni kivuli kama ukungu kinachopanda kimshazari kutokea pale makali yanapoanzia, karibu na mpini. Kwa kawaida thamani hushuka vibaya. Kuna zilizosamehewa: ngome ya Osaka ilipoteketea mwaka 1615, ukoo wa Tokugawa uliotawala Japani ulimpa mfua panga wake Yasutsugu kazi ya kukaza upya panga mashuhuri zilizoungua humo, na nyingine zinatunzwa hadi leo kama hazina. Lakini hizo zilikuwa na majina kabla ya moto. Wako pengine haukuwa nalo.

Mapengo ya makali huwatisha wengi kuliko inavyostahili. Mnoaji hazibi pengo; hushusha makali yote, urefu mzima, hadi kufikia kina cha pengo. Kwa hiyo pima kina cha pengo, kisha pima hamoni mahali ulipo chini kabisa. Pengo la milimita 1 kwenye hamoni wenye milimita 7 ni jambo la kawaida. Pengo la milimita 3 kwenye hamoni ambao mahali fulani umebaki na milimita 4 ni mauaji, na mnoaji mwaminifu atakushauri uliache. Mapengo madogo mengi huachwa tu.

Upanga uliopinda usiunyooshe gotini wala kwenye jiliwa. Wajuzi hutumia vipande vya mbao vyenye mkato, kidogo kidogo, na hata wao husita.

Kutu ya bapa ni jambo la kina. Ya juu juu haina neno. Ile iliyochimba vishimo, kila kishimo ni sawa na pengo: ili kukitoa inabidi bapa lote lishuke kufikia sakafu yake. Matundu na mipasuko midogo inayofuata nyuzi za chuma huwa ni kasoro za kufulia zilizozaliwa nao, na huvumiliwa, hasa kwenye panga za kale sana.

Hatua ya 4: Hesabu chuma kilichobaki

Kila kunoa hula chuma. Upanga wa karne ya 14 umeshanolewa mara nyingi, na siku moja ngozi ya chuma kizuri huisha, kiini laini cha ndani kikaanza kuchungulia kama mabaka yasiyo na nyuzi. Wajapani husema upanga umechoka. Namna rahisi ya kupima uchovu ni kutazama kile kidato kidogo upande wa makali, pale upanga unapokutana na nakago. Upanga wenye afya una kidato cha wazi. Uliochoka, makali yamerudi nyuma mpaka kidato karibu kimetoweka. Linganisha pia unene wa mgongo ndani ya nakago na juu yake. Nakago hainolewi, kwa hiyo tofauti ya unene ni chuma kilichokwisha kuliwa.

Upanga uliochoka ukiunoa tena, utalipa fedha nyingi ili uone uchovu wake kwa uwazi zaidi.

Hatua ya 5: Omba dirisha kwanza

Hii ndiyo hatua wengi hawaijui, na ndiyo iokoayo fedha. Mnoaji aliyefunzwa, togishi, anaweza kunoa sehemu ndogo tu ya bapa, sentimita chache, ili hamoni na nyuzi za chuma vionekane. Huitwa dirisha. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi nzima, na dirisha moja likiwa mahali pazuri humwambia mjuzi kama ndani mna chuma cha jadi, cha enzi gani takriban, na kama hamoni uko hai. Ukiona dirisha na ukaambiwa upanga ni wa kawaida, unaweza kusimama hapo bila aibu. Usilifungue mwenyewe.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya fedha

Togishi wengi hutoza kwa inchi. Nje ya Japani bei ya dola 100 hadi 150 kwa inchi ni ya kawaida kuisikia, kwa hiyo katana, yaani upanga mrefu, ya inchi 27 hugharimu takriban dola 2,700 hadi 4,000, kabla hujaongeza habaki, ile pete ya shaba inayoubana upanga mdomoni mwa ala, na ala mpya ya mbao nyeupe, shirasaya. Ala mpya si anasa. Ile ya zamani ina kutu na mchanga ndani, na upanga ulionolewa ukirudishwa humo utakwaruzwa siku ya kwanza. Foleni nayo ni ya miezi, pengine kupita mwaka.

Sasa linganisha. Wakizashi, yaani upanga mfupi wa kati ya sentimita 30 na 60, usio na saini, wa enzi ya Edo (1603 hadi 1868), hali ya wastani, mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko kazi ya kuunoa na kuutengenezea ala. Ukiunoa, unoe kwa sababu ni wa babu, na useme hivyo waziwazi nafsini mwako. Kufikiri utarudisha fedha ni kujidanganya. Fedha hurudi pale tu dirisha linapoonyesha kazi ya juu, na wajuzi wawili wasiojuana wakakubaliana.

Ushahidi unaohesabika sokoni ni hati. Chama cha Nihon Bijutsu Token Hozon Kyokai cha Tokyo, kilichoanzishwa mwaka 1948, hukagua panga na kutoa hati za daraja nne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Upanga wenye saini ya kughushi haupewi hati. Hapo ndipo wengine huifuta saini, na hilo ni jambo la kuamuliwa na wajuzi, kwani hukumu hubadilika lakini saini iliyofutwa haiandikwi tena.

Hatua ya 7: Kama jibu ni ndiyo, chagua mkono

Togishi hujifunza kwa bwana wake kwa karibu miaka 10. Uliza alifunzwa na nani, omba picha za kabla na baada, uliza anatumia mawe gani. Anayetaja mashine ya kung'arishia au asidi, mshukuru, uondoke. Mashine huviringisha kingo ambazo zinapaswa kuwa kali kama ukingo wa daftari jipya, na asidi huchora hamoni wa uongo juu ya wa kweli.

Kazi halisi inafuata mawe kutoka yenye kukwaruza hadi laini, yote kwa maji, bila moto. Mwishoni vipande vya jiwe la uchigumori hukatwa vyembamba kama ukucha, hugandishwa kwenye karatasi, na togishi huvisukuma kwa kidole gumba juu ya bapa, eneo la sarafu moja baada ya jingine, siku kadhaa. Kisha unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na mafuta hupakwa ili bapa liwe jeusi na hamoni uonekane, na mgongo husuguliwa kwa sindano ya chuma hadi ung'ae kama kioo. Ukishaiona kazi hiyo utaelewa bei.

Ukitaka kuupeleka Japani, sheria ya silaha na panga ya mwaka 1958 inataka kila chuma cha sentimita 15 au zaidi kiwe na cheti cha usajili. Upanga huripotiwa unapoingia, kisha hukaguliwa na kusajiliwa. Ni wa jadi tu unaosajiliwa; wa kiwandani wa wakati wa vita haukubaliwi, na unaweza kuupoteza. Ndiyo maana hatua ya 2 inakuja mapema. Tumia wakala anayeijua kazi hiyo, na kabla ya kusafirisha waulize polisi na forodha wa nchi uliyopo wanataka karatasi gani.

Hatua ya 8: Kama jibu ni hapana, au bado

Jibu hili ndilo la wengi. Upanga wenye kutu uliopakwa mafuta unaweza kusubiri miaka 50 mnoaji mzuri na mwenye uwezo wa kumlipa. Pwani, penye hewa ya chumvi, ufungue kila mwezi, ufute mafuta ya zamani, upake mapya. Bara, kila miezi mitatu yatosha. Ulaze, makali juu, mbali na ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Nakago usiipake mafuta mengi. Kidole chenye mafuta kidogo kikipitishwa juu yake kinatosha.

Vazi la nje usilibadilishe. Mpini wa kale umefunikwa ngozi ya taa, samaki yule yule ambaye tulitishwa na mkia wake utotoni, na juu yake kamba ya hariri au pamba. Hata ikiwa imekatika, ihifadhi. Kikinga mkono, tsuba, kikiwa cha chuma cheusi au kahawia, rangi hiyo ilikusudiwa na fundi. Kuna tsuba zenye thamani kuliko upanga wenyewe.

Yule kijana aliniuliza kama kuna dawa ya kuirudishia nakago weusi wake. Zipo. Nilimwomba asitumie hata moja, kwa sababu ilivyo sasa mjuzi ataona kosa la usiku mmoja, na akiipaka dawa ataona jaribio la kumdanganya. Aliipaka mafuta kidogo. Mama yake alikumbuka mambo mawili ambayo mzee alikuwa akiyasimulia kuhusu Kalewa, wakayaandika kwa penseli kwenye karatasi iliyowekwa ndani ya mfuko wa upanga, haikubandikwa popote. Pengo lina milimita 2. Dirisha bado halijafunguliwa.